Nani Alikuwa Ameficha? "Fichua" na Jamaa Zake katika Majibu ya Fasihi

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa unayejiandaa kwa karatasi ya fasihi, nianze kwa kisa kilichonifika darasani. Nilikuwa nimewagawia wanafunzi wa kidato cha nne mwongozo mfupi niliouandika mwenyewe kuhusu wahusika wa Kidagaa Kimemwozea, riwaya ya marehemu Ken Walibora iliyochapishwa mwaka 2012. Tayari haikuwa ikitahiniwa, lakini mimi huitumia kama uwanja wa mazoezi ya uhakiki. Katika ukurasa wa kwanza nilikuwa nimeandika hivi: "Mwandishi anafichua kuwa Amani ni mvumilivu." Msichana mmoja aliyeketi karibu na dirisha, asiyezoea kuuliza maswali, akainua mkono.

"Samahani mwalimu, uvumilivu wa Amani nani alikuwa ameuficha?"

Darasa likaangua kicheko. Nami nilicheka, ila changu kilikuwa kicheko cha kujinusuru. Niliporudi majilisini nilikaa na ule mwongozo nikauhesabu. Katika kurasa 4 nilikuwa nimetumia "fichua" mara 17. Mwandishi anafichua ufisadi, mwandishi anafichua mapenzi ya dhati, Imani anafichua utu wake, mandhari yanafichua umaskini. Nilijiuliza ni mara ngapi nimewakata wanafunzi alama kwa lugha ambayo wameinakili kwangu.

Chanzo cha kosa lile nilikijua. Wengi wetu tulisomea kozi za elimu kwa Kiingereza, na hata tunapoandaa somo la Kiswahili fikira hupitia huko kwanza. Wanafunzi nao hutoka katika kipindi cha fasihi ya Kiingereza wakaingia katika chetu kabla wino wa daftari haujakauka. Huko wamefunzwa kitenzi kimoja kinachobeba mizigo yote, "reveal". Kwa kitenzi hicho barua hutoa siri, mhusika huonyesha wivu wake, mwandishi huwasilisha maudhui, pazia likipanda huacha jukwaa wazi, na hata gauni lililokatwa mno huacha mabega nje. Neno lenyewe asili yake ni Kilatini, likapitia Kifaransa cha kale, na ndani yake mna utaji: kitendo cha awali ni kuondoa utaji, yaani shela, usoni. Lakini anayelitumia leo haoni tena ule utaji. Limechakaa kwa kutumiwa, ndiyo maana linaingia kila mahali.

Kiswahili hakijasahau. "Fichua" bado kimebeba "ficha" tumboni, na kila asikiaye hukisikia.

Hakitenduliwi kisichotendwa

Sote tunaifundisha kauli ya kutendua katika sarufi. Funga huzaa fungua, kunja huzaa kunjua, ziba huzaa zibua, tega huzaa tegua. Tukishamaliza zoezi tunaiacha hapo hapo. Hatuipeleki katika karatasi ya fasihi, ilhali huko ndiko ina faida kubwa zaidi. Huwezi kuufungua mlango ambao haukufungwa. Vivyo hivyo huwezi kulifichua jambo ambalo halikufichwa. Mtahiniwa anapoandika "fichua" huwa ametoa madai mawili kwa mpigo: kwamba jambo sasa liko wazi, na kwamba hapo awali palikuwa na mtu aliyelificha. Dai la pili ndilo linalomponza, maadamu hakukusudia kulitoa na pengine halina ushahidi wowote kitabuni.

Tuichukue tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea, iliyotahiniwa katika KCSE hadi mwaka 2022. Majoka, mtawala wa Sagamoyo, analifunga soko la Chapakazi. Wanafunzi huandika: "Mwandishi anafichua jinsi Majoka alivyofunga soko." La hasha. Soko lilifungwa watu wakiona, wachuuzi wakabaki bila riziki, na Sagamoyo nzima ilijua. Hapo mwandishi anausawiri udhalimu, au anaukashifu ukipenda. Lakini ile nia ya kutaka kujenga hoteli ya kifahari mahali pale pale pa soko, hiyo ndiyo iliyokuwa nyuma ya pazia. Nia yaweza kufichuliwa, kitendo hakiwezi. Angalia basi jinsi kitenzi kilivyomlazimisha mtahiniwa kuligawa tukio moja mara mbili, lililotendwa hadharani na lililopangwa faraghani. Anayeliona hilo tayari ana hoja mbili mkononi badala ya moja, tena ya pili ina kina kuliko ya kwanza.

Kuna walimu watakaonipinga hapa. Watasema kwamba mwandishi wa fasihi "hufichua maovu ya jamii" kwa jumla, na kwamba usemi huo umekwisha kukubalika. Siukatai. Maovu mengi hufichwa na wanaofaidika nayo, na mwandishi huyatoa nje. Ninachosema ni kwamba usemi huo ukitumika katika sentensi ya kwanza ya jibu, sentensi ya pili na iseme ni nani aliyekuwa akiyaficha na kwa njia gani. Pasipo hivyo umekuwa kibwagizo.

Tena kuna suala la mtendaji. Fichua, fichuka na fichuliwa si mamoja. Katika Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed iliyotoka mwaka 1980, Maksuudi ni mtu mwenye sura mbili, ya mbele ya watu na ya nyumbani. Kazija ndiye anayepanga mambo hata Maksuudi na mwanawe Mussa wakakutana ana kwa ana nyumbani kwake. Ukiandika, "Siri ya Maksuudi ilifichuka," umeifanya siri ijitokee yenyewe kama jipu lililoiva. Ukiandika, "Siri ya Maksuudi ilifichuliwa," msomaji atauliza na nani, nawe itakubidi umtaje Kazija. Ikiwa swali linahusu nafasi ya mwanamke katika riwaya hiyo, basi tofauti ya "-ka" na "-liwa" ndiyo hoja yenyewe. Mwanamke ambaye wengi wangempuuza ndiye aliyetega na kutegua. Nimeona majibu marefu kuhusu swali kama hilo ambamo kila kitendo cha wanawake kimeandikwa katika kauli ya kutendeka, kana kwamba mambo yalitokea kwa upepo.

Kilichofunikwa, kilichofumbwa, kilichozikwa

Jamaa wa karibu wa "fichua" ni "funua", kutoka kwa funika. Tofauti yao ni ndogo kwa macho lakini kubwa kwa maana. Kinachofichwa kina mfichaji mwenye nia. Kinachofunikwa chaweza kufunikwa na vumbi, na miaka au na ujinga wetu wenyewe, bila mtu yeyote kukusudia kudanganya. Ndiyo sababu kitabu cha mwisho cha Biblia katika Kiswahili kinaitwa Ufunuo. Waliokitafsiri wangeweza kukiita Ufichuzi, kisha sote tungekisoma kama taarifa ya polisi.

"Fumbua" ni cha macho na mafumbo, nacho kina kanuni yake katika ushairi: mshairi hufumba, msomaji hufumbua. Kwa hivyo sentensi kama "Mshairi anafumbua maana ya ua kuwa ni mwanamke" imempokonya msomaji kazi yake. Mshairi alisema ua, akanyamaza. Wewe uliyeketi na karatasi ndiye unayefumbua, na kwa kuwa ni wewe, huna budi kutaja kilichokuongoza: ni neno gani, ni mshororo wa ngapi, ni takriri ipi. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Hata "gangua" hiyo ni ya kutendua, kutoka kwa ganga, na awali ni neno la waganga na uchawi. Mafumbo na uchawi vina ujamaa katika lugha yetu, ila hilo ni somo la siku nyingine.

"Fukua" hufaa sana pale mwandishi anapotumia mbinu rejeshi kuyarudia mambo ya zamani ambayo wahusika waliyazika. Sijui kwa nini watahiniwa hawakitumii. Labda wanahofia kitachukuliwa kuwa ni cha makaburi.

Tahadhari moja kabla sijaendelea, kwa wale wanaodhani kwamba kila kitenzi chenye "-ua" mwishoni huleta kitu nje. Anika ni kutandaza juani, na kuanika siri za mtu ni kuzitandaza watu wazione. Kinyume chake ni "anua", yaani kuingiza ndani kilichoanikwa, kama mama anavyoanua nguo mvua ikitishia. Hapa kutendua ndiko kunakoficha. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika kuwa gazeti "lilianua" maovu ya waziri. Nilimwambia kwamba gazeti la namna hiyo lingepata matangazo mengi sana ya serikali.

"Hii inaonyesha"

Nimekuwa nikilikwepa kosa lililoenea kuliko yote, kwa sababu linachosha. Fungua daftari lolote la fasihi utalikuta: "Hii inaonyesha kuwa..." Hii ipi? Kionyeshi "hii" ni cha ngeli ya I-ZI, kinahitaji nomino, na nomino haipo. Mtahiniwa ametafsiri Kiingereza neno kwa neno. Dawa ninayoitumia ni kuwakataza wanafunzi kuandika "hii" bila nomino kwa muhula mzima. Andika "kitendo hiki", "kauli hii", "hali hii", "uamuzi huu". Mwanzoni wananung'unika. Baada ya majuma machache utaona kwamba katazo lile halikuwa la sarufi pekee, kwa maana kabla ya kuandika nomino lazima mwanafunzi aamue alichokisoma ni kitendo, ni kauli au ni wazo la mhusika. Wengi walikuwa hawajawahi kuamua.

"Onyesha" chenyewe ni kitenzi kizuri na hakina makosa. Ona huzaa onya, na onya huzaa onyesha. Kumwonya mtu ni kumfanya aone kabla hajaumia. Wenzetu wa Tanzania wengi huandika "onesha", na mwanafunzi akiandika hivyo simkati alama, mradi asichanganye mitindo miwili katika jibu moja. Shida ni pale kinapotiwa kirejeshi cha nafsi. Mtahiniwa akiandika, "Amani anajionyesha kuwa mtu mwema," anadhani amemsifu. Kumbe amemsengenya! Kujionyesha katika Kiswahili ni kuringa, au kuvaa wema kama koti mbele ya watu. Maksuudi hujionyesha. Amani hajionyeshi, wema wake unadhihirika anapokubali, yeye na Imani, kukilea kitoto Uhuru kilichoachwa kwake.

Nimefika kwa "dhihirisha", ambacho ndicho nilichopaswa kukiandika katika ule mwongozo. Kinatoka kwa dhahiri. Sifa ya mhusika kwa kawaida haifichwi wala haifumbwi; hutokeza kwa matendo, maneno na uhusiano wake na wengine. Ndiyo maana maswali mengi ya sifa za wahusika huuliza zinavyodhihirika. Kitenzi kinakuelekeza ulete tendo. Ukitaja sifa bila tendo hujadhihirisha, umedai tu.

Ndugu zake wawili wa mitihani niwapitie upesi. "Bainisha" hutaka utenge kitu kimoja na vingine vinavyofanana nacho, kiwe bayana. Ukiombwa ubainishe nafsi neni katika shairi, umeombwa uitofautishe na mshairi na pia na anayesemeshwa. "Thibitisha" kinakuja na dai lililokwisha kutolewa na mtahini. Kazi yako ni kuleta ushahidi, si kuanza kulipinga dai wala kutangaza kwamba umeligundua.

Kisha kuna "dokeza", ambacho nakipenda zaidi ya wote na hutumiwa kidogo zaidi ya wote. Kudokeza ni kutoa nusu. Jina la tamthilia ya Kithaka wa Mberia, Kifo Kisimani, iliyotoka mwaka 2001, linadokeza. Tunajua patakuwa na kifo, tunajua mahali. Hatujui ni kifo cha nani wala mkono wa nani utakaoua. Ukiandika kwamba jina hilo "linafichua kifo cha Mwelusi" umeivunja taharuki ambayo mwandishi aliijenga, na umeshindwa kueleza uchungu wa mwisho, kwamba mkono wenyewe ni wa Gege, ndugu yake wa damu. Hadhira ilishikilia nusu ya habari tangu ilipolisoma jina kwenye jalada. Nusu ile iliyobaki ndiyo iliyoifanya ikae vitini.

Anayebeba aibu

Nimekiweka mwisho kitenzi "umbua" kwa kuwa ndicho kilichonifanya niandike makala haya.

Mnaijua methali isemayo mficha maradhi kifo humuumbua. Wengine husema mficha ugonjwa kilio kitamfichua. Wanafunzi huzichukulia kuwa ni methali moja yenye matamshi mawili. Zisikilizeni tena. Katika ile ya pili kilio kinatoa habari tu: majirani wanajua sasa kwamba fulani alikuwa mgonjwa. Katika ile ya kwanza kifo kinamfanyia mtu jambo. Umba ni kutengeneza umbo. Umbua ni kuliharibu umbo hilo, kumvua mtu sura aliyokuwa nayo mbele ya wenzake. Kinachofichuliwa ni habari. Anayeumbuliwa ni mtu, naye hubaki na aibu. Ndiyo maana tapeli huumbuka na mnafiki huumbuliwa, na sisi tunaosikia hufurahi kidogo, tukisema amestahili.

Sasa, katika Chozi la Heri ya Assumpta Matei, iliyotahiniwa pamoja na Kigogo hadi 2022, yumo Sauna. Watahiniwa wengi wanamkumbuka kwa ubaya: mtumishi wa nyumbani aliyewaiba watoto, Dick na Mwaliko. Lakini riwaya inatupeleka nyuma na kutueleza kwamba yeye mwenyewe, akiwa msichana, alitendewa unyama na Bwana Maya, baba yake wa kambo, na kwamba mama yake alichagua kuusitiri uovu ule badala ya kumtetea mwanawe. Katika zoezi moja mvulana mmoja, tena hodari, aliandika hivi: "Mwandishi anamwumbua Sauna kuwa alibakwa na babake wa kambo."

Nilipiga mstari mwekundu chini ya "anamwumbua" nikaandika pembeni "msamiati". Kisha kalamu ikasita. Hili halikuwa kosa la msamiati kama lile la kuanua maovu ya waziri. Kijana yule alikuwa ameiweka aibu kwa Sauna. Hakukusudia. Alikuwa anatafuta kitenzi kizito kuliko "fichua", maana nilikuwa nimewaonya juu ya "fichua" hadi wakakiogopa. Katika kukimbia akaangukia hapo. Na bado nilijua kwamba ndani ya chumba kile chenye wanafunzi zaidi ya 40, yamkini yupo mmoja ambaye angeisoma sentensi ile ikiandikwa ubaoni akaichukua kuwa yake.

Niliiandika ubaoni, bila jina la aliyeiandika, nikauliza swali lile lile nililowahi kuulizwa mimi: nani alikuwa ameficha? Walijibu haraka kuliko nilivyotarajia. Bwana Maya alificha. Mama alificha. Sauna je? Hapo wakagawanyika. Wengine walisema naye alificha kwa kuwa alinyamaza. Mmoja akasema kunyamazishwa si kuficha. Nikamuuliza atofautishe, akasema mfichaji ana ufunguo.

Mvulana mwingine akapendekeza "anakiri": Sauna anakiri kuwa alibakwa. Tulikikataa hicho nacho, kwa sababu kukiri ni kwa mwenye kosa, sawa na kuungama. Mtu aliyeibiwa hakiri kwamba ameibiwa. Husema, husimulia, hushtaki. Nami nikaongeza kwamba hata "kunajisi", neno tunalolisikia kila siku katika taarifa za habari, lina najisi ndani yake, na tunapolitumia kwa mtoto tunasahau kumuuliza msikilizaji ni nani hasa aliyechafuka. Sikuwakataza kulitumia, ni neno lililokwisha kuzoeleka. Nilitaka walisikie tu.

Yule msichana wa dirishani ndiye aliyeipata sentensi, naye aliisoma polepole akiwa ameketi: "Mwandishi anafichua unyama wa Bwana Maya, ambao mama alikuwa ameusitiri, na anafunua jeraha la Sauna." Nilimwomba aeleze kwa nini ametumia vitenzi viwili. Alisema unyama ulifichwa na watu, lakini jeraha lilifunikwa na ubaya ambao Sauna mwenyewe aliufanya baadaye, mpaka sisi wasomaji tukawa hatulioni.

Kengele ikalia. Mvulana aliyeandika sentensi ya kwanza alibaki nyuma kidogo, akijifanya anapanga vitabu. Akaniuliza kama bado anaweza kupata alama ya hoja hata kama ameikosa ya lugha. Nilimwambia hoja yake ilikuwa sahihi tangu mwanzo, airudie sentensi na aniletee kesho. Kesho yake aliniletea karatasi iliyofutwa mara tatu. Alikuwa ameandika: "Bwana Maya ndiye anayeumbuliwa na mwandishi."